TANZIA: Mwalimu wetu wa gofu Dodoma katutoka, tuliopita mikononi mwake tukutane hapa

#1 MLETA UZI

Wakuu habari za jioni.

Najua wengi mshapata taarifa kwenye magrupu ila kuna ambao mlihama Dodoma kitambo na namba mkabadilisha, ndo maana naileta hapa. Mwalimu wetu wa gofu, mzee wa Veyula, hatunaye tena. Presha ilimpanda usiku wa kuamkia Jumapili, wakamkimbiza hospitali, alfajiri ikawa basi tena. Tumemzika jana kijijini kwao upande wa Bahi na watu walijaa kuliko alivyotegemea mwenyewe, maana alizoea kusema siku akifa watakuja makedi wake, wale vijana wa kubeba mabegi ya wachezaji, na ng'ombe wa jirani.

Kabla hamjaanza, familia imeomba jina lake na picha visizungushwe kwanza. Tanga halijaanuliwa na tayari kuna matapeli wameshatoa namba ya michango. Kwahiyo humu tumwite vile vile tulivyomwita uwanjani, Mwalimu, anayemjua anamjua.

Kwa wasiomjua nawapa kwa kifupi. Kazaliwa huko huko Bahi, kachunga ng'ombe kama wenzake, ujanani akaenda Morogoro kwa mjomba wake na ndo akaingia kubeba mabegi ya wachezaji pale Morogoro Gymkhana. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha, aliangalia tu na wachezaji wakishaondoka anaokota kifimbo kilichovunjika anajaribu. Akarudi Dodoma akawa fundi bomba na hiyo ndo kazi iliyomlisha mpaka mwisho, gofu ilikuwa ya jioni na Jumamosi. Sasa serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 wakaja watumishi waliozoea viwanja vya gofu vya Lugalo na Gymkhana kule Dar, wamefika wana mabegi yao kwenye buti la gari na hawana pa kuyapeleka, yeye kaitwa kurekebisha koki Area D au Kisasa anaona begi la fimbo limeegemea ukutani, unadhani atanyamaza? Hapo ndo alipopata wanafunzi wakubwa. Wakubwa walilipa na hela yao ndo iliyonunua mipira ya watoto.

Leteni kumbukumbu zenu. Za kuchekesha pia ruksa, mzee hakuwa mtu wa kununa.

#2 Mdau, Nkuhungu

Dah. Poleni sana wafiwa. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mimi gofu hata kushika fimbo sijui ila huyu mzee alinifungia mabomba nyumba nzima na mpaka leo hakuna koki inayovuja. Apumzike kwa amani fundi.

#3 Mdau, Kondoa

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka yangu alisoma kwake akiwa Dodoma, nimempigia simu sasa hivi kashindwa kuongea. Ataandika akitulia.

#4 Kedi wa zamani, Miyuji

Mbukwenyi wandugu. Mimi nipo kwenye lile kundi la kwanza kabisa la watoto, wengi wetu tulikuwa tunachunga ng'ombe za watu upande ule na tulikuwa tunapita shambani kwake kufuata maji. Siku ya kwanza tulijua atatupa draiva, ile fimbo kubwa ya kichwa kama ngumi, tupige mpira upotelee huko Msalato. Wapi bwana. Alituweka hatua moja kutoka shimoni akasema ingiza. Ukiingiza mfululizo unarudi nyuma hatua moja, ukikosa unaanza upya, na hakuna kulalamika. Tulikaa kwenye kuingiza tu, halafu tukahamia kupiga kwa kuinua kidogo, halafu mpira wa nusu uwanja, draiva tumekuja kuishika watu wameshavuna mtama. Mmoja wetu alikata tamaa akarudi kwenye mpira wa miguu, Mwalimu hakumfuata wala hakumsema.

Na alikuwa anatuambia sisi tuliochunga tuna bahati, mkono tayari upo maana tumeshapiga kokoto na fimbo maisha yetu yote, kazi iliyobaki ni kichwa kitulie. Ile ya kushika fimbo nadhani wote mnaikumbuka, shika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara pale Sabasaba, asichomoke na asiumie. Mpaka leo nina watoto wangu wawili na nikivuka nao barabara lazima nimkumbuke tu.

Mimi sikuwa bingwa wa chochote. Niko kwenye bodaboda na Jumamosi moja moja naenda kupiga. Ila wapo wenzangu wawili waliochukuliwa makedi huko kwenye viwanja vikubwa wanakula kwa gofu mpaka sasa.

#5 Mdau, Dar

Samahani wafiwa ila nicheke kidogo. GOFU DODOMA?? Kwenye vumbi na mbigili zile mpira unaupiga unaenda wapi? Gofu ni ya mabosi wa Masaki, nyie mnatuletea stori za kijiweni

#6 Dada wa mkono wa kushoto, UDOM

Mdau wa Dar tulia nikueleze, tena taratibu maana nina hasira na sitaki kumkosea marehemu heshima kwenye uzi wake.

Nyasi za gofu zinataka maji kila siku. Dodoma mvua zinaanza Desemba zinakata Aprili na kwa mwaka mzima hazivuki sana milimita 600, baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mti unaonekana umekufa. Kwahiyo kumwagilia nyasi wakati kuna kaya zinanunua maji kwa dumu Mwalimu aliona ni dhambi, na fundi bomba ndo anayejua maji yanapatikanaje. Alichofanya ni kile walichofanya wazee kwenye viwanja vya sehemu kame Afrika, kinaitwa brauni, yaani pale kwenye shimo panakuwa mchanga badala ya nyasi. Unachekecha mchanga wa korongoni, unachanganya na oili chafu ya gereji kwa kipimo, unamwaga, unashindilia. Oili inafanya mchanga usipeperuke na mpira ubiringike vizuri. Kabla hujasukuma mpira unavuta bomba lile la chuma kufuta nyayo, hapo pananyooka kama sakafu. Uwanja mzima ulikuwa na mashimo sita ukizunguka mara tatu unapata 18 na biashara imeisha.

Mashimo yenyewe alitengeneza kwa makopo ya rangi ya lita moja. Niliwahi kumuuliza kwanini kopo la rangi na sio la maziwa, akaingia stoo akatoka na rula, akaiweka juu ya kopo, milimita 108. Akaniambia shimo la Augusta kule Marekani ni 108, la Lugalo 108, hili la kwako hapa Veyula 108, sasa asije mtu akakuambia unacheza mchezo mwingine. Nakuletea na wewe mdau wa Masaki.

Sasa na mimi kumbukumbu yangu. Natumia mkono wa kushoto. Shuleni nilishachapwa kwa ajili ya hilo mpaka nikawa naandika kwa kulia kwa kujilazimisha. Nimefika kwake nimepewa fimbo ya kulia kama wote, nimepiga wiki nzima mpira hauendi popote, yeye anaangalia tu, siku moja akaniambia nichukue jiwe nimrushie kule kwenye mbuyu. Nikarusha kwa kushoto. Hakusema neno. Alikaa kama mwezi hivi akirudi kutoka mjini anapitia mitumba, mara Sabasaba mara Majengo, kuna wauzaji wanapata fimbo za gofu kwenye vitu vya bandari na hawajui wauze bei gani, akapata moja ya kushoto namba saba imepinda kidogo. Akainyoosha gereji. Nilichezea hiyo moja tu msimu mzima, karibu karibu mpaka mbali, na nikikosea hakuna wa kumsingizia maana fimbo ni moja.

Ukisikia wanawake wanacheza gofu nchi hii watu wanamtaja Madina Iddi na Angel Eaton, na ni haki yao. Mwalimu alikuwa anawataja kila siku mbele ya baba zetu makusudi, ili mzee wako akikuzuia Jumamosi awe ameshasikia hayo majina.

#7 Mdau, Dar

Dada nimeelewa. Niwie radhi. Poleni kwa msiba, naendelea kusoma.

#8 Mtumishi aliyehamishwa, sasa Dar

Mimi ni mmoja wa hao wenye mabegi kwenye buti la gari. Nilirudishwa Dar ila niliposikia nikapanda SGR ya asubuhi, Dodoma nikaunganisha Noah mpaka Bahi, nikawahi kabla ya ibada kuisha.

Kwanza alinishusha mabega siku ya kwanza tu. Nimepiga mpira umeenda kuliko nilivyowahi kupiga maisha yangu yote, nikageuka nataka nipongezwe, ananiambia hapa mtaalamu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira wa kila mtu unaenda, usirudi Dar ukaanza kujisifu.

Kuna stori moja nilikuwa nampa na kila nikienda anataka niirudie. Kule Austin, Texas kulikuwa na mwalimu anaitwa Harvey Penick, naye alianza kama kedi, akiwa na miaka 8. Akafundisha maisha yake yote, anaandika mambo yake kwenye kidaftari chekundu, na yeye pia alikuwa anaamini mtu ajifunze kuanzia shimoni kurudi nyuma. Mwalimu aliposikia hapo akasema basi huyo mzee alikuwa na akili! Sasa 1995 Penick kazeeka yuko kitandani, mwanafunzi wake Ben Crenshaw kaenda kumuona, mgonjwa akamwambia achukue fimbo amuonyeshe anavyosukuma mpira, akamrekebisha akiwa hapo hapo kitandani. Wiki kama mbili baadaye, Jumapili tarehe 2 Aprili, mzee kafariki akiwa na miaka 90. Wiki hiyo hiyo kuna mashindano makubwa ya Masters kule Augusta. Crenshaw na mwenzake Tom Kite Jumatano wakaruka na ndege kwenda kubeba jeneza la mwalimu wao, wakageuza, Alhamisi wakaanza kucheza. Crenshaw ana miaka 43 na hakuna aliyempa nafasi. Jumapili tarehe 9 kashinda kwa mkwaju mmoja mbele ya Davis Love. Mpira wa mwisho ulipoingia aliinama akafunika uso akalia palepale mpaka kedi wake Carl Jackson akaja kumshika. Akasema baadaye alikuwa na fimbo ya 15 kwenye begi, wakati sheria inaruhusu 14 tu, na hiyo ya 15 ilikuwa Harvey.

Kila nikifika hapo nategemea Mwalimu atatokwa na machozi kama mimi. Yeye swali lake lilikuwa lile lile kila mara: na yule kedi walimpa shilingi ngapi?

Jambo jingine. Tulimleta Lugalo kuangalia mashindano, ni uwanja wa jeshi, mashimo 18 na majani mazuri. Kuna muda nikamkosa. Nimezunguka namkuta kwenye grini ya mazoezi, pale penye nyasi fupi za kuzunguka shimo, kavua viatu kasimama na soksi, anasogeza mguu taratibu kupapasa nyasi zimelalia upande gani, na mwanajeshi mmoja kijana pembeni anamtazama hajui amuondoe au amsalimie. Safari hiyo tulikuwa na watoto wanne na kwenye kusukuma walichemka vibaya sana, kila shimo mara tatu mara nne, maana brauni ukishaifuta mpira unaenda moja kwa moja, ila grini ya nyasi ina miteremko na mpira unakata kona. Watoto wakawa wamenyong'onyea kwenye basi kurudi. Nilipokuja Dodoma mara iliyofuata nikakuta brauni ya shimo la pili kaivunja yote na kaijenga upya ikiwa na mgongo katikati na mteremko kushoto. Hakunieleza kitu, alinipa tu mpira.

#9 Mtani, Tabora

Mimi ndo yule Mnyamwezi mliyemuona makaburini na jembe begani na soksi moja mkononi kama glavu. Kwa wasiojua, sisi na Wagogo ni watani, wakifiwa lazima twende tukawaharibie msiba wao.

Walipofika na jeneza nikakaa mlangoni kwa kaburi nikasema huyu haingii. Mwaka juzi nilikuja kumtembelea akanipa mpira wake nipige, nikaupiga ukaingia kwenye miiba, akaniambia twende tuutafute, tukautafuta akasema basi muda umeisha umepotea, penati. Nikamwambia muda gani nyie Wagogo mna saa? Kwahiyo jana nikawaambia wafiwa mpira wangu haujapatikana, dakika tatu bado hazijaisha, nikaanza kuutafuta chini ya viti vya wachungaji, kwenye pochi za wakina mama, kwenye koti la mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa wanalia wanacheka, mjane mwenyewe kacheka. Wamenilipa buku mbili ndo nikawapisha. Buku mbili jamani kwa mtu mkubwa vile, Wagogo mtaacha lini ubahili.

Mtani wangu nenda salama. Ukifika huko usiombe ombe.

#10 Mdau, Nkuhungu

Mtani umeniua hahaha. Hizo dakika tatu ni kweli au zake mwenyewe?

#11 Dada wa mkono wa kushoto, UDOM

Ni sheria. Zamani kutafuta mpira ilikuwa dakika tano, sheria zilipobadilishwa 2019 zikawa tatu. Mwaka huo huo wakaruhusu bendera ibaki shimoni wakati unasukuma mpira, na mpira wa kudondosha uudondoshe kutoka usawa wa goti, zamani ilikuwa bega. Alikaa na simu yake ya batani, mtu anamsomea kwa Kiswahili kutoka Dar yeye anaandika kwenye kuta za stoo kwa mkaa. Yale maandishi bado yapo. Naomba mtu asipake rangi ile stoo.

#12 Mdau, Ilazo

Hamjasema habari ya kokoto?

Kwake huruhusiwi kuanza bila kokoto kwenye mfuko wa kulia. Kila ukipiga unahamisha moja kwenda mfuko wa kushoto, mwisho wa shimo mnazitoa mnahesabu wote. Kisa ni bosi mmoja wa idara, idara siitaji, kapiga saba kaandika tano. Mtoto aliyembebea begi kaona na kanyamaza maana mtoto atasemaje. Mwalimu kaona mtoto alivyonyamaza. Wiki iliyofuata tumefika tunakuta kuna ndoo ya kokoto langoni, anamgawia kila mtu, na bosi kapewa wa kwanza kwa heshima zote, "mheshimiwa pokea". Hakumtaja wala kumtazama. Bosi kacheza, kapiga nane, kahamisha nane, kaandika nane. Na aliendelea kuja! Jana alikuwepo msibani, kakaa kwenye mkeka na makedi, nilimuona anachezea kitu mfukoni.

Hii tabia mimi nimeipeleka ofisini kwetu kwenye kuhesabu stoo, siwaambii ilipotoka.

#13 Mdau, Chang'ombe

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi, eti hakuwa mtu wa kununa. Mzee alikuwa mkali bana tusimfanye malaika. Dogo langu lilichelewa mara moja, moja tu, likarudishwa nyumbani kwa miguu kutoka Veyula. Nikaenda kumuuliza, akanijibu jua la Dodoma likishapanda mtoto hafundishiki, mlete saa kumi na mbili na nusu au usimlete. Nilikasirika nikamtoa. Dogo mwenyewe akawa anaamka saa kumi na moja anaondoka kimya kimya, nikaja kujua baada ya muda mrefu kwamba ameshasamehewa zamani. Na ole wako umfokee kedi. Mtu mzima na gari lake aliambiwa abebe begi lake mwenyewe mashimo yote sita, na akabeba.

Kingine, hela hakuwa anajua kudai. Kuna ofisi ilimuahidi eneo la kujengea uwanja wa watoto, wakaja wakapiga picha na yeye, picha zikatoka, eneo mpaka anaingia kaburini hajaliona. Mimi ningepiga kelele. Yeye alisema labda faili limekaa chini ya mafaili mengine. Miaka yote hiyo faili limekaa chini ya mafaili mengine!

#14 Kedi wa zamani, Miyuji

Mkali ndio ila alikuwa hapigi. Katika walimu wote waliowahi kunifundisha huyo peke yake hajawahi kunigusa na fimbo, na ndo pekee aliyekuwa nazo nyingi.

#15 Mdau, Kondoa

Kaka yangu katuma hii nibandike: "Mwambieni mama mjane nina deni la ada ya mwezi mmoja, Mwalimu alikataa kuipokea nilipofiwa na baba. Nataka niilipe sasa." Ailipe kwa nani na namba ipi ya ukweli?

#16 MLETA UZI

Mkuu wa Kondoa namba nakutumia pembeni, imethibitishwa na mama mwenyewe, humu hadharani siweki kwa sababu nilizosema juu.

Sasa kuna mambo mawili tuyaongee kama watu wazima.

La kwanza begi lake. Jana baada ya mazishi zilianza kauli kauli, mmoja anataka fimbo ya kumbukumbu, mwingine anasema tupige mnada tumpe mama hela. Begi nimelifungua na shemeji yake. Ndani kuna fimbo 11, hakuna mbili za kampuni moja, shina la moja limeunganishwa kwa kipande cha bomba la inchi nusu, na mfuko wa chini umejaa kokoto na tepu ya bomba. Kwenye mnada hiyo sio hela jamani. Mama kasema asigawane mtu, begi liende kwa yule binti wa mkono wa kushoto awe anafundishia wadogo, na ile namba saba iliyopinda tayari ni ya kwake. Mama akishasema ndo imetoka hiyo.

La pili ndo gumu. Shamba ni la kaka mtu. Huko Veyula mnajua hali ilivyo, kila ukilala ukiamka kuna bikoni mpya, na wapimaji walishapita hata kabla ya msiba. Kaka ni mtu mzima ana watoto wanasoma na ofa ameshapewa. Sio mtu mbaya na naomba asishambuliwe humu, amemkalisha mdogo wake pale bure miaka yote. Nimeongea naye leo, kasema mpaka mvua za Desemba hagusi kitu, baada ya hapo tukae.

#17 Dada wa mkono wa kushoto, UDOM

Nimeisoma nikiwa kwenye daladala nimelia mpaka konda kaniuliza kama nimeibiwa. Mama asante. Nitafundisha.

Ila begi bila uwanja nitafundishia wapi? Mimi nasema wale mabosi wenye kokoto mifukoni wakae na kaka mtu tujue bei, hata kama ni ekari moja yenye mashimo matatu. Mashimo matatu ukizunguka mara sita si ndo 18 zile zile. Watumishi mko wengi humu mnasoma kimya, nawaona.

#18 Mtumishi aliyehamishwa, sasa Dar

Nipo, naongea na wenzangu wa Kisasa na Area D. Mniwekee kikao Jumamosi baada ya mazoezi, nitakuja. Kaka mtu aje na yeye, tusimjadili hayupo. Na anayejua mambo ya hati atusaidie kujua eneo limepimwa lote au nusu.

#19 Mdau, Ilazo

Hati niachieni mimi, nina ndugu anafahamu taratibu zote. Hivi Jumamosi hii kuna mazoezi kweli? Si tupo kwenye matanga?

#20 Kedi wa zamani, Miyuji

Mazoezi yapo. Leo nimepita watoto walikuwa wamekaa chini ya mbuyu wanasubiri mtu wa kuwafungulia stoo. Saa kumi na mbili na nusu, mdau wa Chang'ombe mlete dogo mapema tafadhali hahaha. Tatizo moja tu, brauni ya shimo la nne imeanza kupasuka, upepo wa wiki hii umekula mchanga wote pembeni. Inataka kuchekechewa upya na oili kama lita 40 hivi.

#21 Mdau, Dar

Wakuu mimi ndo yule niliyecheka juu kule. Nina mjomba ana gereji hapo Kizota, nimempigia, anayo madumu ya oili chafu anatoa bure kabisa. Ila hana usafiri, nani ana pikapu?

#22 Mdau, Chang'ombe

Ninayo. Tuma namba ya mjomba.